Mkoroshoni au Mtoni

Kijiwe hiki cha Maneromango kipo ubavuni mwa mashine ya kusaga: benchi moja, magogo mawili, na ukifika jioni huhitaji gazeti. Kahawa ni ya Adamu, mtu wa maneno machache. Wanywaji ni Hemedi, aitwaye Wakili kwa kuwa aliwahi kushinda kesi ya mbuzi. Evodius, aitwaye Injinia tangu abebe zege kwenye reli mpya kule Soga. Na Rama Redio, asiye na kitufe cha kuzimia. Wa nne alikuwa Mwinshehe. Wiki iliyopita mahakama ilimfunga miaka thelathini kwa bangi iliyokutwa imepandwa shambani kwake, kando ya mto. Nafasi yake kwenye benchi hakuna aliyeikalia, na Hemedi alijitahidi asiitazame.

— Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone, alianza Rama. Wageni wamekuja na karandinga la polisi. Mwenyeji kapona?

— Hajapona, alijibu Evodius.

— Basi mimi nasema mbegu zile zililetwa na ndege.

— Ndege gani anapanda kwa mistari? aliuliza Evodius. Ile ni treni, bwana. Inavyokimbia vile inazoa mbegu huko bara, inazimwaga Soga, upepo unamalizia kazi mpaka huku.

— Na palizi nayo ilifanywa na upepo? aliuliza Adamu, akimimina.

Hemedi akakohoa, maana Wakili hanyamazi kesi ikitajwa.

— Jela wanahesabu usiku na mchana. Thelathini ni kumi na tano tu.

— Mwinshehe ana hamsini na nane, alisema Evodius.



Hemedi alijua kilichomfunga rafiki yake ni karatasi. Mwaka juzi Mwinshehe aligombania mpaka na jirani, akaja hapahapa kijiweni kuomba ushauri. Marehemu baba yake, alisema, alilima mwisho mkoroshoni, hakuteremka zaidi. Hemedi akamcheka. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, alimwambia, dai mpaka mtoni. Wakaenda wote ofisi ya kijiji, na Hemedi, Evodius na Rama, mashahidi watatu, wakaapa kwamba mpaka ni mto, wakasaini. Jirani akashindwa, na jioni ile walikunywa kahawa kwa vicheko. Lakini kile kipande cha mtoni Mwinshehe hakukitia jembe hata siku moja. Alisema nafsi inamsuta. Akalima mtu mwingine, ambaye mpaka leo hajulikani. Mahakamani ilisomwa karatasi ileile, na majina ya mashahidi yakasomwa moja moja. Tangu siku hiyo Hemedi halali vizuri, na kwa mkewe anasingizia mgongo.

Rama alikuwa ameshafikia nadharia ya popo waliofundishwa kazi, ndipo akatokea Maulida, binti wa Mwinshehe, na khanga yake ikiwa na vumbi la safari ya gerezani.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba, mwanetu.

Wakamuuliza habari za mzee. Akasema amekonda, anawasalimu, na anakata rufaa.

— Amenituma niwaulize neno moja tu. Shamba lake lilikuwa linaishia wapi?

Rama Redio akazimika. Evodius akatazama vidole vya miguu yake. Hemedi alilisikia jibu likimfika kooni: mkoroshoni, mwanangu, mkoroshoni. Neno moja tu. Lakini kulisema ni kukiri kwamba waliapa uongo, na uongo wa kiapo nao una jela yake. Alimpenda Mwinshehe, na alijiogopea zaidi, na aibu ya kulijua hilo ilimchoma. Akainua kikombe kuficha uso; kilikuwa kitupu, akakinywa hivyohivyo.

Adamu akainamisha birika, yakatoka machicha.

— Imekwisha, alisema.

Siku zote neno hilo ndilo huwainua waende zao nyumbani. Leo hakuna aliyeinuka. Maulida akaona nafasi ya wazi kwenye benchi, katikati yao, akakaa.

— Nitasubiri, baba zangu. Mimi sina haraka, na baba ndiyo kabisa.