Mama Hodi na Wiki ya Kengele ya Mkono

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, saa tisa na nusu alasiri, fundi wetu wa maabara ya elektroniki atafunga kabati la vifaa kwa mara ya mwisho na kukabidhi funguo. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mitatu na miezi minne ya kazi katika shule yetu ya ufundi. Kwenye orodha ya watumishi ana jina lake kamili, lakini ukimwuliza mwanafunzi jina hilo atakuna kichwa. Sisi tunamjua kama Mama Hodi, na mwenyewe ameshalizoea.

Hakuajiriwa kwa ajili ya elektroniki. Alikuja akiwa na miaka ishirini na sita kutengeneza taipureta za darasa la uhazili. Zilikuwa arobaini, na anasema alizitambua kwa sauti, kama mzazi anavyotambua vikohozi vya wanawe. Kompyuta zilipoingia, taipureta zikahamia stoo, na kwa miezi kadhaa hakuna aliyejua fundi huyu apewe kazi gani. Ndipo yakaletwa makasha mawili ya bodi za kufundishia maikroprosesa, kila bodi na vitufe vyake na kioo chekundu cha tarakimu sita. Mwalimu aliyeziagiza alikuwa ameshahama. Mkuu wa shule wa wakati huo akamwambia azifute vumbi na kuzitunza, ila asiziguse sana.

Alizigusa sana. Ndani ya kasha kulikuwa na nakala hafifu ya kitabu cha maelezo, nayo ilikosa ukurasa wa 41 mpaka wa 48. Alichokosa kwenye kurasa hizo nane alikitafuta kwa vidole, akibonyeza agizo moja baada ya jingine na kuandika daftarini kila kilichotokea kwenye kioo. Mumewe, ambaye ni fundi cherehani, anasimulia kwamba mwaka ule mkewe alikuwa akimsaidia kuhesabu vifungo vya wateja, na akifika tisa hasemi kumi, anasema A. Mashine hizo huhesabu kwa kumi na sita, na baada ya tisa hutumia herufi, naye alishaanza kuhesabu kama zinavyohesabu. Shati moja liliondoka dukani na vifungo vya ziada.

Muhula uliofuata mwalimu mpya wa somo aliugua, na darasa likabaki mikononi mwa fundi. Wanafunzi wa mwaka ule wanasema aliingia, akaomba radhi kwamba yeye si mwalimu, kisha akafundisha saa mbili bila kukaa. Mwalimu alipopona, aliomba Mama Hodi aendelee kuingia darasani pamoja naye. Walimu wanne waliomfuata nao waliomba hivyo hivyo.

Mimi ni wa darasa la mwisho alilolifundisha. Nilifika maabara nikiwa nimesoma vitabu vitatu juu ya maikroprosesa bila kuelewa hata kimoja vizuri. Mama Hodi alieleza kwa dakika tano. Rejista, alisema, ni viganja: unavyo vichache, na kazi yote inafanyika humo. Kumbukumbu ni rafu za stoo: kubwa, zina namba, lakini hakuna kinachopikwa kwenye rafu. Ukitaka kujumlisha vitu viwili, kachukue hiki rafuni, kachukue kile, shika, jumlisha, rudisha. Aliyeshindwa kuelewa aliitwa mbele na kupewa vikombe vya kubeba mpaka aelewe.

Jina lake lilitokana na somo la kukatiza programu. Mashine iko katikati ya kazi, mara kitufe kinabonyezwa. Ifanye nini? Yeye husimulia mtu anayeandika barua, akasikia hodi mlangoni. Hatupi kalamu ovyo, wala hajifanyi kiziwi. Anaweka alama alipofikia, anafungua, anamhudumia mgeni, kisha anarudi kwenye neno lile lile. Asipoweka alama, barua imepotea. Asipofungua, mgeni ameondoka. Katika kusimulia anagonga meza na kubisha hodi kwa nguvu kiasi kwamba darasa la jirani wamewahi kuitikia “karibu!”

Lakini kitu chake ninachokishukuru zaidi ni Daftari la Moshi. Katika maabara yetu, ukiunguza kifaa huchapwi wala hufokewi. Unaandika mwenyewe, kwa mkono wako, mambo matatu: nilifanya nini, nilidhani nini kitatokea, nini kilitokea. Kosa la pekee lisilosameheka ni kurudisha kifaa kibovu kwenye rafu kimyakimya, kwa sababu mwenzako atakichukua akikiamini. Ukurasa wa kwanza aliuandika yeye. Alichomeka chipu kinyumenyume, akadhani kufanana kwa pini pande zote mbili ni ruhusa. Ikatoka harufu.

Sasa nieleze jambo ambalo mkuu wa idara atakuwa analisoma leo kwa mara ya kwanza. Mama Hodi ameniruhusu kulieleza, ila alisema nisimpambe.

Siku nne kabla ya mtihani wa vitendo tulikuwa na bodi nane za kidhibiti, zile zenye chipu moja ndogo inayobeba rejista, kumbukumbu na pini zake zote kwa pamoja. Watahiniwa tulikuwa ishirini na wanne, zamu tatu za watu wanane, bodi ya akiba hakuna. Mkuu wa idara alibandika tangazo mlangoni: atakayesababisha mtihani ukose bodi, jina lake litaondolewa kwenye orodha.

Mchana ule nilikuwa naunganisha mota ndogo ya feni. Kila mwanafunzi wa darasa letu anajua kwamba pini ya chipu ina nguvu ya kuwasha taa ndogo, haina nguvu ya kuzungusha mota. Katikati lazima uweke transista, ili pini itoe amri tu na mota ipate umeme wake kwingine. Nilijua hilo. Transista zilikuwa kwenye sinia la benchi la jirani, ambako watu watano walikuwa wakicheka, na mimi kuwakatiza watu wanaocheka ni mtihani mwingine kabisa. Nikachomeka mota moja kwa moja kwenye pini, nikijiambia ni sekunde moja tu. Feni ikazunguka nusu duara. Chipu ikawa moto, na bodi haikuwaka tena. Nikaifuta vizuri, nikairudisha kwenye rafu.

Kesho yake aliichukua mwenzetu tunayemwita Chapuchapu, kwa kuwa huwasha umeme kabla waya hazijaisha kufungwa. Bodi haikuwaka. Hakuna aliyeshangaa. Wenzake walimtania kwamba safari hii amevunja rekodi, imekufa kabla hajaigusa. Yeye aliapa, akaeleza, akaapa tena, kisha akatazama lile tangazo mlangoni. Mimi nilikuwa nimeinamia kitabu. Mpaka leo sijui kilikuwa kitabu gani.

Mama Hodi aliipima bodi ile pini kwa pini. Pini iliyokufa ilikuwa ile ya zoezi la feni, na Chapuchapu alikuwa bado yuko kwenye zoezi la taa; aliyekuwa na zoezi la feni jana yake ni mimi. Darasa lilipotoka alinibakiza kwa kisingizio cha kukunja waya. Akafungua Daftari la Moshi kwenye ukurasa mweupe, akaweka kalamu juu yake.

“Mimi naenda kusuuza vikombe,” alisema. “Vipo vingi, binti. Sina haraka.”

Vikombe vilikuwa viwili. Alivisuuza kwa robo saa nzima, nami nikaandika. Niliunganisha mota bila transista. Nilidhani kuiomba pini ni rahisi kuliko kumwomba mtu. Chipu imeungua, na mwenzangu amelaumiwa.

Alirudi akasoma. Hakunihubiria. Aliniambia daftari ni hatua ya kwanza, na kwamba hatua ya pili ilikuwa bado uwanjani ikicheza mpira. Nikaenda. Nilimweleza Chapuchapu pembeni ya goli, huku nikitazama viatu vyake.

“Yaani mara zote nilizounguza mimi hamna kitu,” alisema, “nikashikwa siku ambayo si mimi.” Akaanza kucheka, akaniuliza kama sasa nitaweza kumwomba transista au aniletee kabisa hapa uwanjani.

Ilibaki bodi. Chipu mpya ingechukua wiki tatu kufika. Mama Hodi alipanda ngazi, akafungua kisanduku kilicho juu ya mlango wa ofisi, ambacho ndicho kinachoendesha kengele ya shule. Alikiunda mwenyewe miaka kumi na moja iliyopita, programu yake aliiandika mwenyewe, na chipu yake ilikuwa ya aina ile ile. Akaing'oa taratibu, akafuta programu ya kengele mbele yangu, akaichomeka kwenye bodi iliyokufa. Taa ikawaka. Mkuu wa idara alipokuja kukagua alikuta bodi nane nzima, na tangazo lake halikuwa na mtu wa kumkamata.

Ndiyo maana wiki ile ya mtihani kengele haikulia. Wengi mnakumbuka. Kila baada ya dakika arobaini Mama Hodi alitoka maabara na nyundo, akapiga kipande cha chuma kilichoning'inizwa nje ya stoo, akarudi ndani. Alifanya hivyo siku tano, mvua na jua, hakuchelewa hata mara moja. Mkuu wa idara alimwuliza kwa ukali kidogo kengele imepatwa na nini.

“Imepumzika, mwalimu,” alijibu. “Mkono wangu haujapumzika.”

Sote ishirini na wanne tulifanya mtihani. Chapuchapu alipata alama nzuri kuliko zangu, na amenikumbusha hilo mara kadhaa.

Mtihani ulipoisha chipu ilirudi kwenye kisanduku cha kengele, ikiwa tupu. Adhabu yangu, kama ni adhabu, ilikuwa kuiandika upya programu ya kengele. Chapuchapu alijitolea kunisaidia. Mama Hodi alitupa daftari lake la zamani lakini akatukataza kunakili. Ilitubidi kueleza kila mstari kabla ya kuuandika. Wiki ya kwanza saa yetu ilikimbia, mapumziko yakaanza dakika sita mapema, na hakuna mwanafunzi aliyelalamika. Ya pili ilichelewa, wakalalamika wote. Tangu wiki ya tatu inalia sawasawa. Kengele mnayoisikia sasa ni ile.

Waliopita mikononi mwa Mama Hodi wametawanyika. Mmoja anatengeneza mashine za kupimia mapigo ya moyo, mwingine anafunga mitambo ya kusukuma maji, na wawili ni walimu. Wengi wao wana ukurasa katika Daftari la Moshi, na wakija kumsalimu huomba kwanza kuutazama. Daftari linabaki maabara. Ameacha kurasa sitini na mbili tupu, na amesema anatumaini hatutakuwa waoga wa kuzijaza.

Mama Hodi, asante kwa viganja na rafu, kwa kurasa nane ulizozitafuta kwa vidole, na kwa vikombe viwili ulivyovisuuza robo saa. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana, na vifungo vya kuhesabu hadi kumi. Ijumaa saa tisa na nusu kengele itakapolia, ujue wewe ndiye uliyeifundisha. Na siku yoyote utakayobisha hodi kwenye mlango wa maabara, hata kama tuko katikati ya kazi, tutaweka alama tulipofikia na kukufungulia.