Fintan Devaney na Sentensi Yake Moja

Tunayemzika leo, Fintan Colmán Devaney, alizaliwa tarehe 9 Machi 1949 huko Drumkeeran, Kaunti ya Leitrim, mtoto wa tatu wa marehemu Eugene na Winifred, wafugaji wa ng'ombe wachache kwenye ardhi yenye maji mengi kuliko majani.

Alisoma shule ya kijijini, kisha sekondari Drumshanbo, akikaa kwa shangazi yake. Gazeti la wiki lilipofika, shangazi alisoma vifo kwa sauti, na hakuna aliyeruhusiwa kutafuna mpaka amalize.

Mwaka 1967 aliajiriwa Posta, Dublin. Tarehe 14 Septemba 1974 alimuoa Bríd Tansey wa Gurteen. Mwaka 1989 alihamishiwa mamlaka ya kusimamia redio, na kazi yake ikawa kusikiliza kanda za vituo vidogo, kuona kama matangazo ya biashara yamezidi muda ulioruhusiwa. Ilikuwa kazi ya kuchosha. Alizileta kanda hadi meza ya chakula nyumbani. "Mwanamume huyu anajua bei ya mbolea kaunti nzima," Bríd aliwaambia majirani. "Mwulizeni bei ya maziwa."

Novemba 1997 alikionya kituo cha redio cha Gleann Dubh, kilichokuwa juu ya duka la mbegu, kwamba matangazo yake yamezidi. Kituo kikapunguza. Kikaondoa taarifa za vifo za asubuhi.

Wiki hiyo akafariki Mzee Phelim Rooney wa huko huko. Watu walikuwa wamezoea kusikia vifo redioni, basi hawakujua kuhusu mazishi. Fintan alipopata habari, aliendesha gari kutoka Dublin mpaka kituoni.

"Vifo, Attracta?" alimwuliza meneja, Bi Attracta Mulvey.

"Mlisema tupunguze, tukapunguza. Mwenye majeneza ndiye anayelipia zile taarifa, na kwenye kanuni zenu kinacholipiwa ni biashara. Ulitaka nikate tangazo la matrekta? Hilo ndilo linalowasha taa hizi."

Fintan akashuka ngazi. Akaenda kwa mjane, Mama Sabina Rooney, ambaye alimmiminia chai kabla hajasema lolote.

"Phelim hakukosa mazishi yoyote wilaya hii," mama alisema. "Yeye waliomsindikiza wangetosha kwenye gari mbili. Majirani wananikwepa dukani kwa aibu, na hawana kosa. Kunywa, mwanangu, inapoa."

Tangu hapo alitaka kitu kimoja: asizikwe mtu mwingine namna ile. Alipeleka hoja yake kila kikao cha mamlaka, ikaahirishwa, akairudisha. "Devaney, bado uko na wafu wako?" wenzake walimtania.

"Bado. Wao hawana haraka."

Wafu hawakuwa na haraka, ila yeye alichakaa. Nywele zilimtoka na cheo kilimpita. Mwaka 2004 sentensi yake iliingia kwenye kanuni: "Taarifa ya kifo haihesabiwi kuwa tangazo la biashara, hata kama imelipiwa." Alirudi nyumbani, akavua viatu, akamwambia Bríd, "Imepita," akalala kwenye kiti na koti mwilini.

Alistaafu mwaka 2009, wakahamia Drumkeeran. Mama Sabina alipofariki miaka miwili baadaye, Fintan alikosa pa kuegesha gari mazishini, akatembea kwa furaha kidogo ambayo hakuificha vizuri.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2016. Wodini, redio ya kitanda cha jirani ikisema, alimwita muuguzi: "Sista, hiyo si habari, ni biashara."

"Bwana Devaney, umestaafu. Lala."

Alifariki Jumatatu, tarehe 3 Februari 2020, Bríd akiwa amemshika mkono.

Kesho yake asubuhi Bi Attracta, ambaye naye alikwisha kustaafu, alipanda tena ngazi za duka la mbegu na kusoma redioni taarifa ya kifo cha Fintan mwenyewe, polepole, jina kwa jina. Ndiyo maana kanisa limejaa leo, na waliokosa nafasi wamesimama nje kwenye manyunyu.

Ameacha mkewe Bríd, watoto wake Fergal na Dervla, wajukuu wanne na dada yake Concepta.

Amesikiliza vya kutosha. Apumzike sasa kwenye ukimya, na amani ya Mungu iwe naye.