Dada Yetu Aliyeijua Pumzi Yake

Ndugu, jamaa na marafiki, tunayemzika leo ni dada yangu. Mimi ni mdogo wake wa mwisho, mwalimu wa michezo. Shemeji ndiye aliyeniomba nisome wasifu huu, na nilikataa mara mbili kabla ya kukubali. Kwa nini nilikataa, mtasikia humu humu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1974, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa kwanza kati ya watatu. Baba alikuwa fundi wa mabehewa. Mama, ambaye alishatangulia, alifua mashuka ya hospitali na mara nyingi alirudi giza limeshaingia. Kwa hiyo tangu akiwa na miaka kumi, dada ndiye aliyepika, akatupakulia, akatuogesha. Mama hakuvumilia kuona chakula kimebaki sahanini, tukibakisha, tulichapwa. Dada alikuwa akimalizia mabaki yetu upesi upesi, amesimama pale kwenye beseni la vyombo, kabla mlango haujafunguliwa. Sisi tuliona mchezo. Kaka yetu wa kati alikuwa akisukuma sahani yake na kusema, "Dada, kazi yako hiyo," naye anaifanya.

Alianza shule ya msingi mwaka 1981, akamaliza 1987, kisha akajiunga na sekondari ya kutwa. Huko alisifika kwa sauti. Akiwa kidato cha pili mkuu wa shule alimteua awe msomaji wa matangazo ya asubuhi. Siku ya wazazi, tarehe 7 Oktoba 1989, ndiye aliyepewa kusoma majina ya wanafunzi waliofanya vizuri. Mimi nilikuwa na miaka minane, nimekaa mstari wa mbele na baba. Alipopanda jukwaani ngazi za mbao zikalia, nami nikasema kwa nguvu, "Lori hilo linapanda mlima." Ukumbi mzima ulicheka. Baba pia alicheka. Dada alisoma majina yote hadi la mwisho bila kukwama. Jumatatu yake akamwomba mkuu wa shule atafute msomaji mwingine, na jina la Lori likamganda mpaka alipomaliza mwaka 1991. Wengi wenu mmelitumia bila kujua lilikotoka. Nililitunga mimi.

Tarehe 3 Februari 1994 aliajiriwa na idara ya maji kuwa mpokea simu wa dawati la malalamiko. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, dirisha lake likitazama ukuta wa stoo ya mita. Aliwahi kuniambia alikipenda kwa sababu hakuna mtu aliyepita pale akamkagua. Watu walipiga simu wakifoka na kukata simu wakishukuru. Kulikuwa na mzee mmoja aliyepiga kila Jumatatu, kwa miaka sita, kuuliza kama maji yapo, wakati yanatoka bombani kwake. Mhandisi alimwambia dada aache kupoteza muda naye. Dada akamjibu, "Huyu kinachovuja kwake si bomba, bosi. Dakika tatu zinamtosha." Mzee alipofariki, wanawe walikuja idarani kumtafuta yule mama wa simu.

Ni sauti hiyo hiyo iliyompata shemeji, fundi wa mita, ambaye alikuwa akipokea maelekezo ya kazi kutoka kwake kwa mwaka mzima kabla hawajaonana. Walifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1999 na kujaliwa binti mmoja mwaka 2002. Kwenye sherehe mtu mmoja alimtania shemeji kwamba amepata mke na nusu. Shemeji alimtazama, akasema, "Basi wewe ndiye uliyepunjwa." Natamani mtu huyo asingekuwa mimi.

Mama alipofariki mwaka 2016, dada alianza kuzama. Aliongezeka hadi kilo mia na ishirini na nane. Aliacha kwenda harusini, akaacha kupiga picha, akawa anakula amejifungia stoo ili binti yake asimwone. Alipotimiza miaka arobaini na tano nilimpelekea zawadi, nikamtaka aifungue mbele ya wageni. Ilikuwa mizani. Alinishukuru, akaiweka chini ya meza, akaendelea kuwamiminia watu chai. Niliondoka nikijiona nimefanya jambo la maana. Wakati huo kila siku alikuwa akilala akitamani asiamke, na hilo hakumwambia yeyote katika familia. Alimwambia muuguzi wa kliniki ya presha, mwanzoni mwa mwaka 2021, na muuguzi huyo akamshika mkono akampeleka kwa mshauri nasaha.

Mshauri alikuwa na kundi la watu tisa, dada akiwemo, wote wenye miili mikubwa, wote wakiwa wamechoka kwa huzuni. Walikutana kila Jumatano saa nne asubuhi, katika chumba kilicho jirani na cha mazoezi ya viungo. Walifundishwa kutuliza akili na kuwa makini na kinachotokea sasa hivi: pumzi inavyoingia na kutoka, miguu inavyokanyaga sakafu, kipande kimoja cha chungwa kinavyokuwa mdomoni kwa dakika tano nzima. Dada alinisimulia kwamba siku ya chungwa alilia. Alikuwa na miaka arobaini na saba, na hakukumbuka lini aliwahi kula kitu ameketi, bila haraka, bila kusikiliza mlango.

Walifundishwa pia kwamba wazo likija si lazima ulitii. Hilo alilielewa upesi kuliko wenzake wote. Alisema wazo la kwamba yeye ni mzigo lilipomjia, alilipokea kama simu ya ofisini: "Lalamiko lako limepokelewa. Asante kwa kupiga." Kisha anaendelea na kazi. Kundi zima lilicheka, na baadaye wote wakawa wanasema hivyo hivyo.

Mimi nilimuuliza, "Miezi minane sasa. Umepunguza kilo ngapi?"

"Mbili na nusu."

"Sasa huko mnafanya nini?"

"Tunajifunza kutojichukia, mdogo wangu. Somo refu."

Nilicheka. Lakini alirudi harusini. Alianza kulala usingizi. Alipiga picha na binti yake, na ndiyo mnayoiona kwenye kijitabu hiki. Familia ilitaka ile ya zamani iliyokatwa shingoni, binti alikataa.

Jumatano, tarehe 9 Novemba 2022, kundi lilikaribisha ndugu. Dada alinialika mimi, nami niliahidi. Asubuhi ile nilimtumia ujumbe kwamba kuna mashindano. Hapakuwa na mashindano. Nilikaa chumba cha walimu nikinywa chai, kwa kuwa niliona haya kuonekana nikiingia mle. Jioni alinipigia akauliza kama vijana wangu wameshinda. Nikasema wameshinda.

Jumatatu iliyopita, tarehe 21 Agosti 2023, alinipigia tena. Alisema mguu wa kushoto umevimba na pumzi haishuki. Nikamwambia, "Dada, ni uzito tu. Tembea kidogo kila jioni utaona."

Akasema, "Pumzi yangu naijua. Nimeisikiliza miaka miwili. Hii si yake."

Nikarudia kwamba ni uzito. Kesho yake alikwenda zahanati na shemeji. Daktari wa zamu hakumgusa mguu, akamwandikia dawa ya maumivu na kumwambia apunguze mwili. Alhamisi, tarehe 24 Agosti, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, alianguka kwenye korido ya idara akielekea dawatini. Alifariki akiwa njiani kupelekwa hospitali. Madaktari walieleza kwamba damu iliganda mguuni, ikasafiri hadi kwenye mapafu, na kwamba ugonjwa huo ukiwahiwa hutibika.

Nilipomwambia binti yake kwamba sistahili kusoma wasifu huu, alinijibu, "Soma, Mjomba. Ila usiandike 'baada ya kuugua kwa muda mrefu'. Aliugua siku nne, na alisema. Andika alichosema." Nimeandika. Mwenye mwili mkubwa akikuambia anaumwa, usimjibu kabla hujamsikiliza. Mimi nilikuwa na miaka arobaini ya kujifunza hilo kutoka kwake, na nimelijua wiki hii.

Marehemu ameacha baba mzazi, ambaye tangu Alhamisi anauliza nani atapokea simu, mume wake, binti yake, kaka yetu wa kati, wafanyakazi wenzake wa idara ya maji, na wenzake wanane wa Jumatano, walioketi safu ya nne, ambao kwenye orodha ya kwanza tuliwasahau. Ameniacha na mimi. Jana kundi lao lilikutana kwa ajili yake, ingawa haikuwa Jumatano, nami nikaenda chumbani kwao kwa mara ya kwanza. Nilijaribu kukaa kimya nisikilize pumzi yangu, nikashindwa hata dakika moja, na mama mmoja ambaye simjui akaniambia niko pale pale walipoanzia wote.

Dada, naomba msamaha mbele ya watu, kwa kuwa nilikukosea mbele ya watu. Pumzika, na amani uliyojitafutia iwe yako yote.