Papa Kaza-Kwanza wa Katindo

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama uko barabarani, punguza mwendo kidogo utusikilize. Na kama gari lako limekataa kuwaka, basi wewe ndiye mwenye nafasi kuliko wote, maana leo tunamkumbuka mtu ambaye ungemwita. Tunamkumbuka Papa Magloire Zihindula, fundi wa magari hapa Goma. Fundi wa demarere, ile mota ndogo inayoamsha injini unapozungusha ufunguo. Ikifa hiyo, gari zima ni pambo la uwanjani.

Papa Magloire alizaliwa upande wa Bukavu. Alikuja Goma akiwa kijana, kifua mbele, anajiona hakuna bulon, yaani bolti, inayoweza kumshinda. Muzee mmoja wa mtaa wa Katindo akamwita abadilishe demarere ya Toyota yake. Bulon moja ilikuwa imeshikwa na kutu. Magloire akachukua klé, yaani spana, akaivuta kwa nguvu zote, kwa sababu binti wa muzee alikuwa amesimama mlangoni anatazama. Tak! Bulon ikakatika, nusu ikabaki ndani. Jamani, aibu gani hiyo!

Binti huyo ni Mama Nshobole, ambaye leo ni mjane wake. Anasimulia huku akicheka: "Alikuja kuitoboa ile bulon siku nyingi. Kila siku anasema, bado kidogo. Papa yangu akasema, huyu fundi hajue kazi, ao anaijua sana."

Bulon ilitoka. Magloire hakutoka. Wakafunga ndoa.

Lakini aibu ile ilimfundisha. Tangu siku hiyo, bulon ikigoma, hakuivuta tena kwa hasira. Aliitia mafuta, akangoja, kisha akaikaza. Ndiyo, wasikilizaji, mmesikia vizuri: aliikaza. Kidogo tu, mpaka kutu ipasuke, ndipo akaizungusha upande wa kufungua. Wenzake wakamcheka: "Magloire, sisi tunataka kufungua, wewe unakaza?" Yeye akajibu maneno mawili tu: "Kaza kwanza." Jina likamganda. Papa Kaza-Kwanza unayemsikia mitaani ndiye huyu huyu Magloire Zihindula.

Garaji lake la kwanza lilimezwa na lava ya volkano. Akafungua lingine Katindo, akaweka meza yake juu ya mawe yale yale meusi. Kila saa sita mchana Mama Nshobole alimletea chakula, akaketi juu ya tairi kuukuu, akamtazama akifanya kazi. Hakuwahi kugusa klé. Alitazama tu, miaka na miaka, na wakapiga soga.

Mwezi uliopita, siku ya Jumapili, Papa Magloire alikula bugali na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Akasifu mchuzi, akasema anajinyoosha kidogo. Hakuamka tena.

Watu wakajaa nyumbani. Na mnajua tunavyofariji huku kwetu. Kila aliyeingia alimshika mama mkono akamwambia, "Mama, kaza roho." Majirani, kaza roho. Wanakwaya, kaza roho. Basi Mama Nshobole akakaza. Hakutoa chozi hata moja. Alipokea wageni, akauliza nani hajakula. Binti yake Aurélie anatuambia: "Watu walimusifu mama. Mimi niliogopa. Nilimuona amekaza sana, nikasema huyu atakatika."

Ikafika siku ya maziko. Misa ikaisha, jeneza likaingizwa ndani ya gari la kubeba maiti, na Baharanyi, dereva, akazungusha ufunguo. Tak. Akarudia. Tak. Hakuna kingine. Demarere imekufa! Mungu wangu, siku hiyo kati ya siku zote!

Vijana wakakunja mikono ya mashati wasukume. Baharanyi akawazuia: "Hii iko otomatik, hata mukisukuma mpaka Mugunga haiwake." Mawingu yalikuwa yamefunga na kaburi liko wazi. Mtu mmoja akatoa wazo la kumhamishia marehemu kwenye lori la makala, makaa ya kupikia, lililokuwa karibu. Mama Nshobole akageuka. "Magloire aliwasha gari za watu maisha yake yote," akasema, "sasa yeye mwenyewe aende kwa makala? Hapana. Gari yake ya nyumbani iko aina moja na hii. Mulete demarere yake."

Habineza, aliyefanya kazi naye garajini, akakimbia akarudi nayo. Akavua koti la suti, akatoa waya wa batri, akaingia chini ya gari. Bulon ya kwanza ikakubali. Ya pili ikagoma. Habineza akaweka bomba kwenye klé aongeze nguvu, akaanza kuvuta. Mama Nshobole akaisikia ile sauti ya bulon inayotaka kukatika. Aliijua tangu ujana wake, mlangoni kwa baba yake.

"Kaza!" akapiga kelele. "Kaza kwanza!"

Bibi mmoja wa kwaya akamkumbatia mbio mbio. "Ndiyo, mama, kaza roho!"

"Si roho, mama. Bulon!"

Uwanja mzima wa kanisa ukacheka, na padri naye. Chini ya gari Habineza akaikaza kidogo. Ikalia kriii. Akairudisha, ikafunguka nzima. Demarere ya Papa Magloire ikafungwa, waya wa batri ukarudi, Baharanyi akazungusha ufunguo. Injini ikaunguruma mara moja.

Hapo Mama Nshobole akaweka mkono juu ya boneti lile linalotetemeka, akalia. Alilia kwa sauti, njia yote mpaka makaburini. Hakuna aliyemwambia akaze. Aurélie anasema moyo wake ulitulia alipomsikia.

Kwa Mama Nshobole, kwa Aurélie, kwa Habineza na garaji zima la Katindo, pokeeni pole yetu. Mungu ampumzishe Papa Magloire Zihindula, Papa Kaza-Kwanza wetu.

Na wewe unayetusikiliza, kesho utaingia kwenye nyumba yenye msiba, na neno lile, kaza roho, litakuwa tayari mdomoni. Liseme, halina ubaya. Ila kumbuka alivyotuambia Mama Nshobole akitusindikiza mlangoni, macho yake mekundu na uso umetulia: "Kaza ya Magloire ilikuwa ya kidogo tu. Kisha unafungua."