Radi Akinyanyua Mkono

Mbele ya duka la Nurys, hapa mjini Baní, kuna meza ya dhumna yenye mguu mbovu. Aliyeuharibu ni Radi, dereva wa gari la gesi, maana yeye haweki kete, anaipiga. Kila akipiga, Yudelka, mdogo wake Nurys, anaruka, na kete zake zinaanguka chali, meza nzima ikiziona. Ana usonji, na kwa kukumbuka kete hana mpinzani. Jumapili tutacheza dhidi ya mtaa wa juu, mimi na yeye upande mmoja. Leo zimeshaanguka mara mbili, na Profesa, kinyozi wetu, anataka atolewe.

— Tumchukue shemeji yangu, Profesa akasema.

— Shemeji yako analala katikati ya mchezo, nikamjibu.

— Analala, lakini kete zake hazilali. Huyu Yudelka tatizo lake ni la utotoni. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Aliumwa huyu!

— Nyoka gani, Profesa? Radi akacheka. Wa hapa hata sumu hawana.

— Ndiyo maana hakufa.

— Acha uongo wako. Alizaliwa siku ya kimbunga. Upepo ulimfungua masikio, hakuna aliyekumbuka kuyafunga.

— Basi hata tetemeko analisikia likiwa bado linavaa viatu. Serikali ingejua, ingemweka juu ya paa la kanisa.

— Nipo hapa, Yudelka akasema. Nawasikia.

— Si ndicho tunachosema, dada? Unasikia mno! Na mkono wangu unauona, unarukia nini? Mwenye macho haambiwi tazama.

— Nauona ukipanda. Najua kete itagonga. Mwili hauningoji, Radi. Na Jumapili nataka kucheza.

Hapo tukanywa kahawa kidogo. Radi akanyanyua kete nyingine. Mabega ya Yudelka yakapanda nayo.

Mama mmoja aliyehamia mtaani juzi alikuwa amesimama mlangoni na ndizi zake mbichi.

— Samahani, wanangu. Kwani kete ikiwekwa polepole haihesabiwi?

Profesa akatazama kikombe chake. Kilikuwa kitupu. Nikatikisa chupa ya kahawa, nayo tupu. Mkono wa Radi ulikuwa bado hewani.

— Sasa nikiiweka kimya, akauliza, naye aliuliza kwa dhati, ushindi wangu mtausikiaje?

— Hakuna ushindi, Yudelka akasema. Hiyo nyingine uliyobaki nayo ni tano-tano, na tano nyingine zote zimeshatoka, haina pa kukaa.

Radi akaishusha kete taratibu, kama anaweka yai. Kisha akaifunua ile ya mwisho. Tano-tano.

Kete za Yudelka zilikuwa bado zimesimama.