Uso Mwekundu wa Mzee Pyo

Mbele ya duka la Bi Ok Bunrye, pale ngazi za mtaa wa juu wa Daegu, Korea, zinapoanzia, kuna jukwaa fupi la mbao ambalo wazee wamelikalia hadi misumari imechungulia. Kila asubuhi Mzee Pyo Gwangsik huteremka hapo kwa masaa matatu. Ndiyo masaa anayopewa mhudumu wa kumtunza mkewe, aliyepooza upande mmoja na kupoteza usemi tangu majira ya baridi. Masaa ishirini na moja yanayobaki ni ya Gwangsik peke yake: kumlisha, kumgeuza, kumwinua. Amechoka. Amechoka hadi kikombe cha karatasi anakishika kwa mikono miwili. Bi Bunrye humimina maji ya moto, kila mtu anachana pakiti yake ya kahawa, kisha anakorogea pakiti hiyo hiyo tupu.

Leo uso wa Gwangsik ulikuwa mwekundu kama pilipili ya kuanikwa.

– Umekunywa vidonge vingapi, kaka? – aliuliza Profesa. Huyo ni Maeng Dalho, aliyesambaza barua miaka thelathini, na tangu astaafu hajakosa kipindi hata kimoja cha afya kwenye televisheni.

– Viwili.

– Unawaka?

– Uso, shingo, masikio. Nawashwa kama nimelalia upupu.

– Safi kabisa! – Profesa alijipiga paja. – Mwili unajibu huo. Dawa ya kweli lazima ikutese kwanza. Ugonjwa unatoka, sasa ulitaka utokee wapi kama si kwenye ngozi?

Gwangsik hakubisha. Alikulia kwenye maneno hayo. Mama yake alikuwa akimnywesha mizizi michungu, na mtoto akitapika, mama anafurahi kwamba dawa imeukuta ugonjwa.

– Na kizunguzungu je? Jana kwenye ngazi nilishika ukuta.

– Hilo niachie mimi, – alisema Kepteni, dereva wa basi mstaafu ambaye hakuna jambo duniani asiloliona kupitia injini. – Gari lililolala muda mrefu, ukilitia oili mpya, linatoa moshi. Ukiogopa moshi ukazima, basi umeliua. Damu yako ilikuwa imelala miguuni, bwana. Sasa imeamka, inapanda.

– Shemeji yangu alikunywa hivyo hivyo, – Bi Bunrye alidakia kutoka mlangoni, – nywele zikarudi nyeusi.

– Yule si alipaka rangi? – aliuliza Kepteni.

– Alipaka za pembeni. Za katikati zilirudi zenyewe!

– Mnaona? – Profesa akashika usukani. – Kosa lako, kaka, unakunywa kidogo. Ugonjwa umeshatoka nje, umesimama mlangoni. Ukilegeza tu, unarudi ndani. Meza cha tatu, uufungie huko huko!

– Ameze kwa kahawa, – Kepteni aliongeza. – Moto kwa moto.

Gwangsik akatoa chupa mfukoni. Binti yake ndiye aliyeituma kutoka Amerika, na maandishi yake ya Kiingereza hakuna aliyewahi kuyasoma pale, ingawa wote walikuwa wameyatazama sana. Hakutaka nywele nyeusi. Alitaka nguvu za kumwinua mke wake bila kumgonga na ukingo wa kitanda, kama alivyomgonga juzi, akalia yeye badala ya aliyeumia. Akadondosha kidonge kiganjani.

– Baba, hicho ni cha nini?

Alikuwa Bi Ki Sunok, mhudumu mpya, siku yake ya tatu kazini. Alikuwa anashuka ngazi na mkoba begani, saa sita imefika na zamu yake imekwisha.

– Cha kufungua damu, – Profesa alimjibia.

Sunok alikuwa amefanya kazi duka la dawa miaka kumi na mmoja, akifungasha vidonge vya wagonjwa kwenye vipakiti vya asubuhi na jioni. Aliipokea chupa, akaisogeza mbali na macho, akasoma.

– Hii ni niasini. Vitamini B3. Si kitu kibaya, tunaila kila siku kwenye samaki, nyama, karanga. Mwanamume zinamtosha miligramu kumi na sita kwa siku. Kidonge kimoja hapa ni mia tano.

Kepteni alianza kuhesabu kwa vidole, akaacha.

– Lakini mwili unajibu, – alisema Profesa, sauti imepungua.

– Ni mishipa imetanuka, mzee. Ndiyo uwekundu, na presha ikishuka, ndiyo kizunguzungu. Kwa wingi hivi inaweza kuumiza ini na kupandisha sukari. Wapo walioandikiwa na daktari, lakini wanapimwa damu. Na wewe Baba, pale juu una vipakiti vya dawa za kisukari na za kolesteroli, nimeviona. Aliyekupa vile anajua kuhusu hivi?

Gwangsik alitikisa kichwa.

– Mimi nikishaondoka hapa, hadi kesho asubuhi kuna nani mle ndani?

– Mimi.

– Mama hawezi kuita. Hawezi kufika kwenye simu. Ukianguka, Baba, atafanyaje?

Kepteni alimtazama Profesa, kwa mara ya kwanza akitaka kweli kusikia jibu lake. Bi Bunrye alikaa na birika mkononi.

Gwangsik alimwona mkewe akilini, amelala, macho kwenye mlango, akimsikia mumewe chini sakafuni, siku nzima, usiku kucha. Alikirudisha kidonge kwenye chupa, akakaza kifuniko.

– Duka la dawa la pale chini lipo wazi?

– Lipo. Beba chupa na vipakiti vyote. Mimi narudi juu kukaa naye hadi uje.

– Masaa yako yameisha, binti yangu.

– Najua.

Gwangsik alijaribu kusimama, akayumba. Profesa alikuwa tayari amemshika kiwiko.

– Nikuulizie nini kule, kaka? – aliuliza.

– Usiulize, – alisema Gwangsik. – Nishike tu.