Jiwe la Wifi Yangu

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao mbele ya kibanda cha mshona viatu, na birika langu la kahawa. Kwa miaka kumi na moja hatukuhitaji zaidi. Wiki hii wifi yangu, ng'ambo ya mtaro, kaweka sebuleni jiko la chuma la kuni, bomba lake limechomoza juu ya paa kama shingo ya mtu mwenye maringo. Chini ya jiko kalaza jiwe jeusi, pana, laini hata nzi akitua anateleza. Sasa anauza kahawa humo ndani, watu wakiota moto. Mimi pia nina jiko kama hilo nyumbani. Fundi Pimamaji aliniwekea vigae chini yake. Moto wa kwanza tu, vikalia pa! pa! kama bisi. Basi nimebakiwa na wateja watatu: fundi mwenyewe, Kiraka mshona viatu, na Karani mstaafu. Nao macho yao yako ng'ambo.

— Lile jiwe si la hapa, — akasema Fundi. — Mimi nimezunguka machimbo yote.

— Ukazunguka, ukaniletea vigae vya chooni, — nikamwambia.

— Mama, vile ni vya daraja la kwanza.

— La kwanza kupasuka.

Kiraka akafyonza kahawa yake.

— Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.

— Samaki kaingiaje kwenye jiwe?

— Ndiyo uulize! Kuna mtu kamkunja mtu. Jiwe kama lile huwa sakafuni mwa benki. Linang'olewa mlinzi akienda kula.

— Benki! — Karani akacheka kwa pua. — Nimegonga mihuri bandarini miaka thelathini. Jiwe likiwa laini vile, limesafiri. Na mjane kama wifi yako hawezi kukodi meli. Kuna nahodha hapo.

— Nahodha ampe jiwe? — Fundi akashangaa. — Wanawake wenzake hupewa manukato.

— Manukato huisha, bwana. Hayo ndiyo mapenzi ya watu wazima.

— Kwa meno yale? — nikauliza.

— Haba na haba hujaza kibaba, Mama, — akasema Kiraka, na hakuna aliyemwelewa.

Fundi akasogea mbele, akashusha sauti.

— Si benki wala si meli. Moto ukishazimika, lile jiwe linabaki na joto saa nzima. Nimeligusa kwa mkono huu jana. Jiwe la ardhini halina tabia hiyo. Lile limedondoka kutoka juu. Kwenye nyota.

— Umeligusa jana?

— Eh.

— Kwa hiyo jana ulikuwa kwake.

— Nilikwenda kikazi, Mama.

— Vikombe vingapi?

Akainamia kikombe changu kana kwamba jibu limezama humo.

— Viwili.

Hapo ndipo akatokea Mkunga, aliyekuwa kwa bintiye tangu mwezi uliopita. Alivuka mtaro mikono kaitanua, mbao zikimchezea chini ya miguu, mkoba ukipepesuka.

— Hamjambo? Nusura nitumbukie! Jamani, lile jiwe letu la kuvukia mtaro limekwenda wapi?

Sote tukageuza macho ng'ambo, kwenye paa la wifi.

Lilikuwa jiwe la kufulia, la bomba la zamani. Tumelisugua kwa nguo, sisi na mama zetu, mpaka likalainika. Bomba lilipokauka, Fundi huyu huyu akalilaza mtaroni, tukalikanyaga miaka nenda miaka rudi, uso wake mweusi umefunikwa na tope. Na wiki nzima tumepita juu ya zile mbao tukiilaani manispaa kwa kuling'oa jiwe letu.

Fundi akasimama, akajipangusa suruali.

— Ngoja nikahakikishe.

— Peke yako utakosea vipimo, — akasema Karani, akamfuata. Kiraka akaacha kiatu cha watu na sindano ndani yake.

Birika lilikuwa nusu, bado la moto. Nikachukua kikombe changu mwenyewe, maana cha wifi sikishiki, nikavuka ubao nyuma yao.